Askofu Hannington na Ziwa la Maji Moto

Ukitoka Nakuru kwa barabara ya Marigat, ukapita Mogotio, utafika Ziwa Bogoria. Chemchemi zake zinatokota mchana na usiku, na wageni huchemsha mayai humo. (Mguu usitie!) Lakini wazee wetu walilijua ziwa hili shuleni kwa jina la Hannington. Je, huyo Hannington alikuwa nani hata akapewa ziwa zima?

James Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 huko Sussex, Uingereza. Utotoni alikuwa mtundu kupindukia. Siku moja alichezea baruti ikamkata kidole gumba. Baba yake alimtia katika biashara, lakini wapi! Moyo wake haukuwa huko. Akaenda kusoma Oxford, akawa kasisi.

Mwaka 1882 alikuja Afrika kama mmisionari, akapitia Unguja hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Homa na kuhara damu vikamwangusha, akarudishwa pwani akibebwa kwa machela. Mwingine angesema basi. Yeye alirejea Mombasa Januari 1885, safari hii akiwa askofu.

Sasa alitaka kufika Buganda kwa njia ya mkato, kupitia nchi ya Wamaasai, badala ya ile ya kusini iliyomtesa. Julai aliondoka Rabai na wapagazi wapata 200, pamoja na shemasi Mwafrika, William Jones, aliyewahi kuwa mtumwa. Ndipo akapita bondeni kwetu na kuliona ziwa. Waendorois walikuwa wakilisha mifugo yao hapo tangu zamani, wala hawakungoja mgeni awaonyeshe maji ya moto. Hata hivyo Wazungu wakaliita ziwa kwa jina lake yeye aliyekuwa mpita njia tu.

Karibu na Mumias alimwacha Jones na watu wengi, akaendelea na 50 hivi. Kumbe anaingia mlango wa hatari. Waganda waliamini kwamba adui wa kuiteka nchi yao angetokea mashariki, kupitia Busoga. Kabaka Mwanga, kijana aliyetawala mwaka mmoja tu, alikuwa pia amesikia kwamba Wajerumani wananyakua nchi pwani. Tusimhukumu upesi: hofu yake ilikuwa na msingi, ingawa alimpata mtu asiye na jeshi.

Askofu alikamatwa Busoga tarehe 21 Oktoba. Alifungwa siku nane, anaumwa homa, na bado akawa anaandika katika shajara yake. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa amri ya Mwanga, akiwa na umri wa miaka 38. Wapagazi wake nao waliuawa, wakaponyoka wachache tu. Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi Rabai, safari ya miezi.

Mwisho wa mwaka 1892 mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe, Kampala. Majina ya wale wapagazi hayakuwekwa kwenye ziwa lolote. Na ziwa letu, baada ya uhuru, likaitwa Bogoria.