Masinde Muliro: Alipiga kura, akapoteza uwaziri

Mnamo Juni 1975, Bunge la Kenya lilijadili ripoti ambayo Serikali haikutaka ipitishwe. Kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilikuwa imechunguza mauaji ya Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, ambaye maiti yake ilipatikana Ngong mwezi Machi mwaka huo. Ripoti iliwanyoshea kidole maafisa wa usalama.

Kwa desturi, waziri hapigi kura dhidi ya Serikali anayoitumikia. Waziri wa Ujenzi, Masinde Muliro, aliijua vyema desturi hiyo. Hata hivyo, aliunga mkono ripoti, nayo ikapita. Rais Jomo Kenyatta alimfuta kazi mara moja, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili waliopiga kura kama yeye.

Muliro hakuwa mgeni katika siasa. Alizaliwa mwaka wa 1922 katika eneo la Kimilili, Bungoma, na kusomea shahada katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikijifunga katika ubaguzi wa rangi. Alirejea nyumbani mwaka wa 1954, akawa mwalimu.

Machi 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Muliro alimbwaga W. W. W. Awori katika Nyanza Kaskazini. Aliingia barazani pamoja na Tom Mboya, Jaramogi Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, miongoni mwa wanane waliochaguliwa. Mwaka wa 1960 akawa naibu wa Ngala katika chama cha KADU, kilichopigania serikali za majimbo ili jamii ndogo zisimezwe na kubwa. KADU ilivunjwa mwaka wa 1964, wabunge wake wakajiunga na KANU.

Baada ya kufutwa uwaziri, Muliro hakuiacha siasa. Mwaka wa 1991, akikaribia umri wa miaka 70, alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD, vuguvugu lililodai mfumo wa vyama vingi. Desemba mwaka huo, kifungu cha Katiba kilichoruhusu chama kimoja pekee kiliondolewa.

Hakuyaona matunda yote ya jasho lake. Agosti 14, 1992, alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi punde tu alipowasili kutoka London. Uchaguzi ulikuwa umesalia miezi minne. FORD, iliyokuwa ikimtegemea kuwapatanisha vigogo wake, iligawanyika kabla ya kura kupigwa, na Moi akashinda dhidi ya upinzani uliosambaratika.

Leo jina lake limo katika chuo kikuu kilichoko Kakamega. Wanaolisoma langoni hawana budi kukumbuka pia kura ya 1975, aliyoipiga huku akijua ingemponza.