Lodi wa Njoro na Mlango Alioufunga

Leo nawaomba tuiache bahari nyuma yetu tupande bara, mpaka Njoro katika Bonde la Ufa. Safari hii sikuitaka mimi, niliitwa. Ndugu yangu alinijia nyumbani baada ya sala ya isha, mkononi ana karatasi, usoni ana mashaka. Binti yake amepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, na alichoitiwa si udaktari wala uhasibu, bali ni fasihi na lugha ya Kiingereza. Mambo matatu yalimkaa rohoni: umbali wa huko, baridi yake, na hicho Kiingereza chenyewe. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, na kalamu ndiyo kazi yangu, akaniuliza huyo Egerton ambaye chuo kimepewa jina lake alikuwa nani, na kama hapo ni mahali pa kumpeleka mtoto wa kike wa Kiislamu. Nikamwambia anipe wiki mbili nikapaone kwa macho yangu.

Basi nilikwenda, na haya ndiyo niliyoyapata.

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti mwaka 1874 nchini Uingereza, katika ukoo wa makabaila wenye jumba na mashamba makubwa ya Tatton, jimbo la Cheshire. Baba yake alipofariki mwaka 1920, yeye akarithi cheo na mali, akawa Lodi Egerton wa nne, na mwenye cheo hicho wa mwisho pia, kwa sababu hakuoa wala hakuacha mtoto. Utajiri wa kurithi huwalaza wengi, lakini huyu haukumlaza. Alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kumiliki magari. Ndege zilipoanza kuruka akajuana na wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliorusha ndege ya kwanza mwaka 1903. Na ilipofika 1910 yeye mwenyewe alikuwa rubani mwenye cheti, katika wachache wa kwanza nchini kwao. Alisafiri, akawinda wanyama wa kila namna, na vichwa vya wanyama hao akavitundika katika ukumbi alioujenga Tatton.

Mtu wa namna hiyo hatosheki na kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuja Kenya akajipatia ardhi Njoro, mahali ambapo Lodi Delamere, mkubwa wa masetla, alikuwa ametangulia kulima na kufuga. Hapa yafaa tuseme ukweli wa ardhi hiyo. Haikuwa pori lisilo mwenyewe. Wamaasai walikuwa wakichunga katika bonde hilo mpaka serikali ya Waingereza ilipowawekesha mkataba wa mwaka 1904, wakahamishwa wakapelekwa Laikipia. Kisha kwa mkataba wa mwaka 1911 wakatolewa na huko Laikipia pia. Nyanda hizo za juu zikawa za wazungu peke yao, na Mwafrika aliyeishi huko aliishi kama kibarua juu ya shamba la mtu. Sisi wa Pwani, ambao maneno ya hati na mashamba yamewatoa wazee wetu machozi, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili mara mbili.

KASRI YA NGATA

Ukitoka Nakuru kuelekea Njoro, utafika Ngata. Hapo ndipo ilipo kasri ya Lodi Egerton. Ilianza kujengwa mwaka 1938, ikasimamishwa na Vita Kuu ya Pili, ikaja kumalizika mwaka 1954. Ina vyumba 52, na vitu vingi vya ujenzi wake vililetwa kutoka Ulaya kwa meli mpaka bandarini kwetu Kilindini, kisha kwa reli mpaka bara. Nilipita chumba kwa chumba, nikafika ukumbi mkubwa wa kuchezea dansi. Ukutani mna kinanda kikubwa cha mabomba, kama vile vya makanisa ya Ulaya. Nikasimama nikastaajabu: ukumbi wa dansi wa mtu asiyetaka kumwona mwanamke!

Maana hiyo ndiyo habari inayosimuliwa na kila mtu wa Nakuru, mkubwa kwa mdogo. Yasemekana kwamba Lodi alimpenda bibi mmoja wa Ulaya, akamleta kwenye nyumba yake ya kwanza, nayo ilikuwa nyumba nzuri ya kiasi. Yule bibi akaidharau, akaifananisha na banda la kufugia. Lodi akaapa kumjengea kasri. Ilipokuwa tayari, bibi akaikataa nayo, akenda zake kuolewa na mwingine. Tangu hapo, wasema, Lodi akawachukia wanawake wote. Akakataza mwanamke yeyote asikanyage uwanja wa kasri yake, na mabango ya kuwaonya yakapigiliwa kwenye miti. Hata wageni wake walitakiwa kuwaacha wake zao mbali.

Sehemu ya bibi wa Ulaya naitia katika hadithi za barazani, ambazo huongezwa chumvi kila zinapopokezanwa. Lakini kwamba Lodi hakuoa, na kwamba aliishi katika vyumba 52 bila mke wala mtoto, hilo halina shaka. Aliingia kasri hiyo amekwisha kuwa mzee wa miaka 80. Tarehe 30 Januari mwaka 1958 akafariki. Miaka minne tu, na jengo lilikuwa limechukua miaka 16! Jumba lake la Tatton alilirithisha shirika la Uingereza linalohifadhi majumba ya kale. Kasri ya Ngata leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na watu hutoa kiingilio kuitazama. Kilichonichekesha zaidi ni kuambiwa kwamba watu hukodi uwanja wake kufanyia harusi. Mabibi harusi hupigwa picha pale pale walipokatazwa bibi zao kupita.

SHULE YA VIJANA WA KIZUNGU

Lakini si kasri iliyolihifadhi jina lake. Mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kuanza kujenga, Lodi Egerton alitoa ekari 740 za ardhi ya Njoro ili pafunguliwe shule ya ukulima. Nia yake haikufichika: shule ilikuwa ya kuwaandaa vijana wa kizungu wawe wakulima katika nyanda za juu, ili usetla upate warithi. Mwafrika hakufikiriwa ila kwa kushika jembe.

Ilipofika mwaka 1950 shule ikapandishwa daraja, ikawa inatoa cheti kwa mwaka mmoja na diploma kwa miaka miwili. Mwaka 1955 ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton, na muda si muda milango yake ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1958, mwaka ule ule aliofariki Lodi, chuo kikaongezewa ekari 1,100 kutoka katika ardhi yake. Uhuru ukaja mwaka 1963. Mwaka 1986 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata, 1987, kikasimama chenyewe kuwa chuo kikuu kwa sheria ya Bunge. Kilimo hakikuachwa, lakini pembeni yake yakaingia masomo mengine, na mojawapo ni hilo la fasihi na lugha.

Nilizungumza na mwalimu mmoja wa somo hilo, tukikaa juani kwa sababu kivulini hapakaliki kwa baridi. Nilimuuliza wazi kama mtoto wetu atakuja kulishwa mashairi ya maua ya Uingereza mpaka asahau tungo za kwao. Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nikilijua nikalisahau. Zamani, Makerere na Nairobi zilipokuwa zikifuata mitihani ya London, kusoma Kiingereza chuo kikuu kulikuwa kusoma fasihi ya Waingereza tu. Kisha mwaka 1968 walimu watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakaandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake iwepo idara itakayoiweka Afrika katikati na kuipa fasihi simulizi haki yake. Zogo lilikuwa kubwa, lakini hoja yao ikashinda. Kwa hiyo Egerton ilipofikia hadhi ya chuo kikuu, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Mwanafunzi wa leo husoma Shakespeare, ndiyo, na sarufi na matamshi ya Kiingereza. Lakini pia husoma waandishi wa Afrika, na hufunzwa namna ya kukusanya nyimbo na ngano za kwao na kuzichambua.

Nikamfikiria Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, miaka 16 kabla ya Lodi Egerton kuzaliwa. Utenzi huo ulitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1934 na wazungu wawili, Alice Werner na William Hichens. Kazi walifanya, nasi twawashukuru. Lakini tangu hapo ni mabinti wangapi wa Lamu na Mvita waliopata Kiingereza cha kutosha kuzitia tungo zetu nyingine mikononi mwa walimwengu, na kuwasahihisha wageni walipokosea?

NIA NA WAKFU

Usiku ule nililala Nakuru chini ya mablanketi matatu, nikipima jambo moja. Chuoni, namaanisha chuo kile cha mkekani na ubao, tulifunzwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Tukafunzwa pia kwamba wakfu ni sadaka isiyokatika, thawabu yake humfuata mtu kaburini. Na kwamba mtu hawezi kuweka wakfu kitu kisichokuwa chake kwa haki. Kwa mizani hiyo kipawa cha Lodi Egerton kina kasoro mbili. Nia yake ilikuwa ya watu wa rangi yake, na ardhi yenyewe waliondolewa wenyewe ndipo akaipata. Hesabu yake iko kwa Mola, wala si kazi yangu kuifungua.

Lakini kipawa chenyewe kilimshinda mwenyewe nguvu. Alikusudia wazungu, wakaja weusi. Alikusudia wakulima, wakaja na washairi. Alikimbia wanawake maisha yake yote, na asubuhi nilipoingia lango la chuo chenye jina lake niliona wasichana makundi kwa makundi, vitabu vifuani, na baadhi yao wamevaa hijabu. Hata kwetu Mombasa tumeyaona ya jinsi hii. Chuo cha MIOME kilianza kufundisha mwaka 1951 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na humo husoma watoto wa kila dini. Elimu ni kama mnazi: aupandaye hamjui atakayekunywa dafu lake.

Na hapo ndipo lilipo jambo lililonitoa jasho katika baridi ya Njoro. Nilikuwa nimemcheka Lodi kwa mabango yake ya miti. Kisha nikajiuliza, mimi na ndugu yangu tulikuwa tukifanya nini usiku ule barazani? Aliyeshinda mtihani ni msichana. Serikali imempa nafasi. Chuo kimefungua mlango. Waliobaki langoni na bango mkononi ni baba yake na ami yake. Lodi mwenyewe amekwisha kufa na bango lake limekwisha kuoza. La kwetu ndilo lililokuwa likitafuta msumari.

Sisemi kwamba hofu ya mzazi ni upuuzi. Wazee wetu waliogopa shule za misheni kwa sababu waliwaona watoto wakibadilishwa dini, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini hofu hiyo hiyo ilituchelewesha, na wengine wakatutangulia katika ofisi na mahakama, hata katika kuandika habari zetu wenyewe. Mtoto aliyelelewa akajua kibla chake hupeleka dini yake popote aendapo, na Njoro kibla kipo kama kilivyo Mombasa.

Niliporudi sikungoja kukaribishwa chai. Nilimwambia ndugu yangu kwamba nimepaona, na kwamba huyo Egerton angechukia sana kumwona binti yetu katika ardhi ile. Na kwa sababu hiyo, kama si kwa nyingine, yafaa aende. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza baridi yenyewe ni ya kiasi gani. Nikamwambia amnunulie mtoto sweta mbili nzito, na mwenyewe atie yake moja ya kumsindikizia.