ABU HURAYRA: MASKINI ALIYELALA MSIKITINI

  

Ndugu yangu Muislamu, jina la Abu Hurayra (r.a.) unalisikia karibu kila Ijumaa. Hadithi nyingi zinazosomwa juu ya mimbari zimepokewa kwake. Lakini je, unajua kwamba mtu huyu alikuwa hana pa kulala? Unajua kwamba watu walimkuta ameanguka chini wakadhani ni mwendawazimu? Soma leo maisha yake, kisha tutazame pamoja baraza ya msikiti wetu.

Abu Hurayra alitoka katika kabila la Daws, upande wa Yemen. Jina lake linalojulikana zaidi katika Uislamu ni Abdurrahman bin Sakhr. Abu Hurayra ni jina la kupachikwa, kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akicheza naye wakati wa kuchunga. Alikua yatima. Alimfanyia kazi Busra binti Ghazwan, na malipo yake yalikuwa chakula cha kutia tumboni na zamu ya kupanda mnyama safarini. Basi ujue mapema: huyu hakuwa maskini kwa sababu ya uvivu.

Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria, yaani mwaka 628, wakati wa vita vya Khaybar. Hakuwa na nyumba, wala shamba, wala biashara. Akakaa Suffa. Suffa ilikuwa kibanda cha kivuli katika msikiti wa Mtume (s.a.w.), upande wa nyuma. Hapo ndipo walipolala watu wasio na jamaa wala mali. Abu Hurayra alisimulia kwamba aliwaona 70 kati yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na vazi kamili. Kila mtu alikuwa na kitambaa kimoja, na wengine walikishika kwa mkono wasionekane uchi.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Mtume hakuwafukuza ili msikiti uonekane mzuri. Aliwapa mahali, tena ndani ya msikiti. Na kuhusu chakula aliweka mpango: mwenye chakula cha watu wawili amchukue wa tatu katika watu wa Suffa, na mwenye cha wanne amchukue wa tano au wa sita. Watu wa Madina wenye mitende walikuwa wakileta vichala vya tende na kuvitundika msikitini, mwenye njaa apige kichala kwa fimbo ale. Wengine wakaanza kuleta tende mbovu, zile ambazo wao wenyewe wasingezipokea ila kwa kufumba macho. Ikashuka aya katika Sura ya Baqara kuwakataza. Nawe ukitafuta sadaka, chunguza: ni shati ambalo ungelivaa wewe, au ni lile ulilotaka kulitupa?

Hata hivyo njaa ilikuwapo. Siku moja Abu Hurayra alifunga jiwe tumboni akakaa kwenye njia wanayopita watu. Akapita Abu Bakr (r.a.). Abu Hurayra akamwuliza juu ya aya ya Qur'ani. Aya aliijua, alitaka tu aambiwe twende nyumbani ukale. Abu Bakr akajibu akaenda zake. Akapita Umar (r.a.), ikawa vilevile. Hawa ndio bora wa umma, wala hawakuwa wachoyo. Walisikia swali, hawakuiona njaa. Kisha akapita Mtume. Alipomtazama usoni tu, alijua. Akatabasamu, akamchukua nyumbani, kukapatikana bakuli la maziwa. Lakini kabla ya kunywa, akamtuma awaite watu wote wa Suffa. Abu Hurayra akahuzunika moyoni, maana bakuli moja litawafaa nini watu wote hao? Akawaita. Wakanywa mmoja baada ya mmoja mpaka wakatosheka, kisha akaambiwa anywe yeye, akanywa mpaka akakosa nafasi tumboni. Mtume akanywa wa mwisho.

Wakati mwingine Abu Hurayra alianguka kwa njaa kati ya mimbari na chumba cha Mama Aisha (r.a.). Mtu akipita alimwekea mguu shingoni, akidhani ana wazimu. Hakuwa na wazimu. Ilikuwa njaa tu.

Hapa lazima niseme la kwangu. Alfajiri moja nilimkuta kijana amelala mlangoni pa msikiti. Nikamwamsha kwa sauti kali. Akainuka, akayumba, akaketi tena. Nikajisemea, huyu amevuta kitu. Muadhini wetu akamletea chai na mkate. Alipokula alisimama sawasawa, akashukuru, akaenda zake. Nilikuwa nimetoka kufundisha habari za Suffa juma lile lile. Mguu wangu haukuwa shingoni mwake, lakini ulimi wangu ulikuwapo.

Watoto wa barabarani tunawaita maibobo, tunawaita shegue. Wengine wamefukuzwa nyumbani kwa kuambiwa ni wachawi. Sheria ya nchi yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini sheria haimpi mtoto mkeka usiku. Na mwaka 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola ulipowaka Lubunga, familia nyingi zilikimbia nyumba zao, tukaanza kusikia maneno kwamba wageni wamejaa mjini. Umesahau Juni 2000? Siku sita majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, nyumba zikabomoka, na wengi wetu tukalala kwa watu. Aliyetupokea hakutuuliza kwanza tumekosa nini.

Turudi kwa Abu Hurayra. Alimsifu sana Ja'far bin Abi Talib (r.a.), aliyekuwa akiwachukua maskini nyumbani kwake na kuwapa alichonacho. Kikikosekana chakula, alileta kiriba cha samli kilichokwisha, wakakipasua wakalamba kilichobaki. Naye Umar, alipokuja kuambiwa maana ya lile swali la njiani, alijuta, akaona kuwa kumkaribisha siku ile kungekuwa bora kwake kuliko ngamia wekundu, mali iliyopendwa mno na Waarabu.

Na yule maskini je? Kwa kuwa hakuwa na soko wala shamba la kumwondoa, alishikamana na Mtume akahifadhi. Hadithi zilizopokewa kwake zimehesabiwa zaidi ya 5,000. Umar alipokuwa Khalifa alimpa utawala wa Bahrain, kisha akamwita na kumhoji juu ya mali aliyorudi nayo. Baadaye alimtaka arudi kazini, akakataa. Alipokaimu uongozi wa Madina, alipita sokoni amebeba mzigo wa kuni mgongoni. Alifariki kati ya mwaka wa 57 na wa 59 Hijria, na umri wake ukiwa karibu miaka 78. Akazikwa Baqi.

Kama watu wa Madina wangefunga msikiti usiku, elimu hii ingepitia wapi?

Ndugu kadhaa wametaka baraza yetu ifungwe kwa mlango wa chuma. Wanasema viatu vimepotea na asubuhi kuna uchafu. Ni kweli. Basi mwizi ashikwe kwa wizi wake, na asiyeiba asihukumiwe kwa kukosa nyumba. Fagio tunaweza kununua. Kamati itakutana Ijumaa ijayo baada ya swala. Kabla ya siku hiyo, fanya jambo moja: nyumba inayopika lituma ya watu 6, imlishe wa 7. Mwambie muadhini jina lako na siku yako. Na usingoje mtu anyooshe mkono. Mtazame usoni.

Ewe Mola, tupe macho ya kuona njaa ya jirani na ya mgeni, na usitufanye watoaji wa tende mbovu. Amin.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini, ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.