Maisha ya Lee Byung-chul, Muuza Samaki Wakavu wa Korea

Katika bahari yetu, mbali na pwani ya Palma, penye kina cha meta 2,000 hivi, umetia nanga mtambo mkubwa unaoelea, jina lake Coral Sul. Urefu wake ni meta 432 na upana wake ni meta 66. Kazi yake ni kuvuta gesi kutoka chini ya bahari na kuigeuza kuwa maji kwa baridi kali, ili ipate kupakiwa katika meli. Mtambo huu uliundwa na kampuni ya Samsung katika kisiwa cha Geoje, Korea ya Kusini. Ulifika kwetu Januari 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba mwaka ule ule.

Wengi wetu jina la Samsung tunalijua kwa simu za mkononi tu. Basi ni vema, wasomaji wenzangu, tujue habari za mtu aliyelianzisha jina hilo. Mwanzo wake haukuwa gesi wala simu. Ulikuwa samaki wakavu, kama wale wanaoanikwa kila siku kwenye fukwe za Palma na Mocímboa da Praia.

Lee Byung-chul alizaliwa tarehe 12 Februari 1910 katika wilaya ya Uiryeong, kusini mwa Korea. Mwaka ule ule nchi yake ilitwaliwa na Wajapani, nao wakaitawala mpaka mwaka 1945. Baba yake alikuwa na mashamba ya mpunga. Lee alipokuwa mdogo alisomeshwa katika shule ya kijiji iliyoanzishwa na babu yake, akajifunza maandiko ya kale ya Kichina na mafundisho ya Confucius, yaani heshima kwa wazee na kutimiza wajibu. Baadaye alivuka bahari kwenda chuo kikuu cha Waseda, Tokyo, lakini aliugua, akarudi kwao bila kumaliza masomo.

Mwaka 1936, kwa fungu la mali alilopewa na baba yake, alifungua kinu cha mpunga katika mji wa Masan pamoja na rafiki zake wawili. Biashara ilipostawi akaanza kukopa fedha benki na kununua mashamba mengi. Mwaka 1937 vita vikazuka baina ya Japani na China. Benki ikafunga mikopo na bei ya ardhi ikaanguka. Ikambidi Lee auze mashamba na kinu pia ili alipe madeni. Alikuwa na umri wa miaka 27, na mkononi hakubakiwa na kitu kikubwa.

Hakukaa akilia. Alisafiri katika nchi yake na katika miji ya China, akatazama watu wananunua nini na wanakosa nini. Tarehe 1 Machi 1938 akafungua duka katika mji wa Daegu kwa mtaji wa won 30,000. Aliliita Samsung, maana yake nyota tatu. Alinunua samaki wakavu, mboga na matunda, akavipeleka Manchuria na Peking. Pia alisaga unga na kutengeneza tambi. Hiyo ndiyo iliyokuwa Samsung ya kwanza.

Baadaye alihamia Seoul. Mwezi wa Juni 1950 vita vya Korea vikaanza. Jeshi la kaskazini likauteka mji, na mali yote ya ghalani ikapotea. Lee na jamaa yake wakakimbilia kusini. Sisi wa pwani hii tuliouona mwaka 2017 kule Mocímboa da Praia, na Machi 2021 hapa Palma, hatuna haja ya kuelezwa maana ya kukimbia na kuacha nyumba wazi.

Lakini hapo ndipo palipoonekana faida ya mwenendo wake. Alipofika Daegu, watu aliowaachia kiwanda chake cha pombe walimletea akiba ya fedha waliyomtunzia muda wote alipokuwa mbali. Wangaliweza kusema kwamba vita vimekula kila kitu, wala hapana mtu ambaye angewabishia. Kwa akiba ile alianza tena katika mji wa Busan mwaka 1951. Tangu zamani desturi yake ilikuwa kwamba mtu unayemshuku usimpe kazi, na ukiisha kumpa kazi, usimshuku.

Hapa nataka kueleza kidogo adabu ya biashara ya Wakorea, maana ndiyo iliyomlea Lee. Wakikutana huinamisha kichwa, na mdogo humwinamia mkubwa zaidi. Kitu chochote, hata kadi yenye jina, hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Kadi hiyo husomwa kwanza kwa makini, haitiwi mfukoni mara moja. Mkubwa wa kazi haitwi kwa jina lake, huitwa kwa cheo. Mezani, mdogo hangulii chakula kabla mzee hajaanza. Tena hawapendi kukimbilia mkataba kabla watu hawajajuana. Msomaji wa kwetu hataona ajabu, kwani hata hapa mtoto hapokei kitu cha mzee kwa mkono wa kushoto, wala mgeni hasemi haja yake kabla ya kumaliza maamkizi.

Lakini adabu hiyo haikumzuia Lee kubadili desturi alipoona imekuwa kikwazo. Mwaka 1957 Samsung ilianza kuajiri vijana kwa mtihani ulio wazi kwa watu wote, jambo ambalo makampuni ya Korea hayakuwa yakifanya, na kwa miaka mingi Lee mwenyewe aliketi kuwahoji. Hata katika urithi, ingawa desturi ilimtaka mtoto wa kwanza, alimchagua mwanawe wa tatu, Lee Kun-hee.

Baada ya vita Korea ilikuwa ikinunua ng'ambo karibu kila kitu. Lee akasema moyoni kwamba kuuza vitu vya wengine hakutoshi. Mwaka 1953 alifungua kiwanda cha sukari, na mwaka 1954 akaanzisha kampuni ya nguo za sufu. Mwaka 1969 akaingia katika redio na televisheni, na mwaka 1974 katika mitambo mizito na meli. Nchi nayo ilikuwa ikipanda. Mwaka 1964 bidhaa zilizouzwa nje zilifikia Dola milioni 100, na mwaka 1977 zikafika Dola bilioni 10. Pato la nchi likigawanywa kwa hesabu ya watu, mwaka 1960 kila mtu hakupata hata Dola 200 kwa mwaka. Siku hizi ni zaidi ya Dola 30,000. Hapa Msumbiji, kwa hesabu za mwaka 2023, ni kama Dola 600. Tukumbuke kwamba hesabu hiyo ni ya kugawanya tu. Haimaanishi kwamba kila mvuvi au kila mfanyakazi anazitia fedha hizo mfukoni.

Haifai kusimulia maisha ya mtu kwa kutaja mema yake peke yake. Mwaka 1961, jeshi lilipotwaa serikali, Lee alishtakiwa pamoja na matajiri wengine kwa kujipatia mali kwa njia zisizo halali, wakapatana na serikali na kulipa faini. Mwaka 1966 kampuni yake ya mbolea ilikamatwa kwa kuingiza sakarini nchini kwa magendo. Watu walikasirika sana. Mwanawe wa pili alifungwa, na Lee akatoa sehemu kubwa ya kampuni ile kwa serikali, akajitenga na kazi kwa muda. Tena hakutaka kabisa wafanyakazi wake wawe na chama chao. Jambo hili lilidumu muda mrefu baada yake, mpaka mjukuu wake, Lee Jae-yong, alipoomba radhi hadharani mwaka 2020. Kuinama vizuri na kupokea kwa mikono miwili hakumfanyi mtu awe mwaminifu kama sheria haifuatwi.

Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 73 na ameshapona saratani ya tumbo, Lee alitangaza kwamba Samsung itatengeneza vipande vidogo vya kumbukumbu za kompyuta. Wengi walidhani atafilisika. Kabla mwaka haujaisha wahandisi wake walikwisha kufaulu, lakini kazi ile ilileta hasara kwa miaka kadha. Alifariki tarehe 19 Novemba 1987, kabla hajaona faida yake.

Sasa tufikiri, wasomaji. Korea ya Kusini haina gesi ya kuitosha. Lakini katika gesi ya Coral Sul, kampuni ya gesi ya Korea ina fungu la sehemu 10 katika 100, sawasawa na fungu la ENH, kampuni ya taifa letu. Juu ya hayo, Wakorea walilipwa kwa kuunda mtambo wenyewe. Sisi tuna gesi, wao wana ufundi. Na gesi huisha, bali ufundi huzaa ufundi mwingine.

Mwaka 2025 ilikatwa shauri ya kujenga mtambo wa pili, Coral Norte. Mitambo hii itahitaji watu wa kuchomelea vyuma, kupima, kutunza hesabu na kuongoza meli. Kama hatukusoma hesabu na sayansi tangu sasa, tutabaki kuwauzia samaki wakavu watu wa mitambo. Biashara ya samaki si aibu, kwani Lee mwenyewe alianzia hapo. Lakini yeye hakuishia hapo.