Daktari Livingstone na Ugonjwa Wake wa Tumbo

Hapa Misigiri, penye njia panda ya kwenda Kiomboi, magari hupita mchana na usiku yakielekea Nzega. Msafiri afuataye njia hiyo hata Nzega, kisha akageukia kusini, hufika Tabora. Na karibu na Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya tembe inayotunzwa kuwa ukumbusho wa Daktari David Livingstone. Alikaa huko katika mwaka 1872, akiwangoja wapagazi wa safari yake ya mwisho.

Safari zake zinajulikana na wengi. Lakini si wengi waliofikiri ya kwamba mtu huyu alitembea maelfu ya maili hali tumbo lake ni gonjwa. Nasi tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa upande huo, maana katika sharika zetu wako ndugu waliougua tumbo muda mrefu. Kwa macho waonekana wazima, lakini wamechoka tangu asubuhi, na viungo vyawauma. Na watu wengine husema ni wavivu. Habari za Livingstone zaweza kutufundisha neno juu ya wagonjwa wa namna hii.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, hata alipokuwa na umri wa miaka 10 akatiwa kazini katika kiwanda cha pamba. Mchana alifanya kazi, na usiku alisoma. Hivyo alijifunza tangu utoto kuulazimisha mwili uliochoka uendelee, na desturi hiyo ilimfaa sana, tena ilimdhuru sana, kama tutakavyoona. Alijifunza udaktari mjini Glasgow, akapata cheti chake mwaka 1840. Na mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini, ametumwa na Misheni ya London.

Maumivu yake ya kwanza makubwa hayakutoka tumboni. Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa ule haukuungana sawasawa, na mkono ukamsumbua maisha yake yote. Mwaka 1845 akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari.

Ugonjwa wa tumbo ulimpata kwa nguvu katika safari yake kuu ya kwanza. Aliondoka Linyanti mwaka 1853 pamoja na Wakololo, akaenda magharibi hata bahari. Alipoingia mji wa Luanda, tarehe 31 Mei 1854, alikuwa hawezi kabisa, kwa homa na kuhara damu, akauguzwa nyumbani mwa Mwingereza mmoja aliyekaa huko. Merikebu zilikuwapo za kumrudisha kwao. Lakini alikuwa amewaahidi Wakololo kuwarudisha kwao; basi alipopata nafuu akageuka pamoja nao, akavuka bara zima, akatokea Quelimane, pwani ya mashariki, mwaka 1856. Uaminifu huo ni wa kusifiwa. Walakini tangu siku zile matumbo yake hayakuwa tena kama zamani; kuhara kulikuja na kwenda, na juu yake akapata bawasiri iliyotoka damu.

Hapa tuna jambo ambalo msomaji aliangalie sana. Aliporudi Uingereza mwaka 1864, alishauriwa na madaktari apasuliwe ili damu ile ikome. Akakataa. Hakupenda habari za ugonjwa wa namna ile zienee katika magazeti na midomoni mwa watu. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, naye alijua damu inayotoka mara kwa mara humfanyia mtu nini. Lakini aibu ilikuwa na nguvu kuliko elimu yake. Damu ile iliyofichwa mwaka 1864 ilisafiri pamoja naye hata mwisho.

Mwaka 1866 alishuka pwani ya Mikindani, akafuata mto Ruvuma kwenda bara, akitafuta chemchemi za mto Nile na kuyachunguza mambo ya biashara ya watumwa aliyoichukia. Tarehe 20 Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka, na katika mizigo waliyochukua lilikuwamo sanduku la dawa. Ndani yake mlikuwa na kwinini na dawa zake zote. Aliandika katika daftari yake ya kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kufa.

Tangu hapo maradhi yalifuatana. Chakula kilikuwa haba. Akala mahindi magumu hata meno yake mengi yakavunjika na kung'oka, na mtu asiyeweza kutafuna hulitwika tumbo kazi ya meno. Mwanzo wa mwaka 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akashindwa kutembea. Aliyemwokoa ni mfanyi biashara Mwarabu, Mohamad Bogharib: alimfanyizia machela, akamchukua na kumwuguza hata Ujiji. Jambo hili lastahili kukumbukwa, maana wafanyi biashara wa namna ile ndio waliohusika na utumwa alioupinga. Naye alipokea msaada kwa mikono yao, akaishi. Mwaka 1870, huko Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza siku nyingi. Mwezi wa Oktoba 1871 akarudi Ujiji, amebaki mifupa na ngozi, akakuta mali aliyowekewa imekwisha kuuzwa.

Siku chache baadaye akafika Henry Stanley na msafara wake, naye alileta dawa, vitambaa na vyakula vizuri. Kabla ya hapo Livingstone alikuwa akila mara mbili tu kwa siku, chakula kidogo kisicho na ladha. Sasa akaanza kula mara nne kwa siku, na kabla ya juma moja kwisha alijisikia nguvu zinarudi. Muda si muda wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kaskazini mwa ziwa Tanganyika, wakahakikisha ya kuwa mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki.

Tuyafikiri mambo hayo. Je! uchovu wake ulikuwa uvivu? Kama ulikuwa uvivu, chakula hakingaliuondoa katika siku saba. Madaktari hutueleza sababu zake. Damu ndiyo ichukuayo hewa safi kwenda katika nyama zote za mwili. Ikipungua, mtu huchoka kwa kazi ndogo, moyo humwenda mbio, na kichwa humzunguka. Mwenye kuhara hupoteza maji na chumvi, na kwa hiyo misuli yake hukaza na kuuma. Tena matumbo yaliyo mabovu hayachukui nguvu yote iliyomo katika chakula. Na mtu apatwaye na malaria mara kwa mara hupunguziwa damu kwa njia nyingine tena. Livingstone alikuwa na mambo hayo yote pamoja. Moyo wake ulikuwa hodari, lakini uhodari wa moyo haugeuki kuwa damu.

Stanley alimsihi warudi pamoja Ulaya, apumzike na kutibiwa, kisha arudi tena. Hakukubali. Wakaja pamoja hata Tabora katika Februari 1872, na mwezi wa Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone alingoja hata watu 57 waliotumwa na Stanley walipofika mwezi wa Agosti. Na tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka Kwihara kwenda kusini.

Safari hiyo ilimwingiza katika masika, penye vinamasi vya ziwa Bangweulu. Walitembea majini siku baada ya siku. Damu ikatoka kwa wingi, na mwezi wa Aprili 1873 aliandika kwamba amekuwa mweupe, hana nguvu kwa sababu ya damu aliyoipoteza. Tarehe 21 Aprili alijaribu kupanda punda, akaanguka. Basi watumishi wake wakamfanyizia machela, wakamchukua mabegani. Maneno yake ya mwisho katika daftari ni ya tarehe 27 Aprili: amechoka kabisa, na watu wametumwa kununua mbuzi wa maziwa. Maziwa ndiyo yaliyokuwa yakilifaa tumbo lake. Mbuzi hawakupatikana.

Tarehe 29 Aprili wakafika kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, wakamjengea kibanda. Karibu na mapambazuko ya siku ya 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso juu ya mikono yake, amekwisha kufa. Umri wake ulikuwa miaka 60. Walipoutengeneza mwili wake, wakaona ndani ya tumbo, upande wa kushoto, donge la damu iliyoganda, kubwa kama mkono wa mtu.

Chuma na Susi, watumishi wake wa miaka mingi, wakashauriana na wenzao. Moyo wake wakauzika chini ya mti huko huko, na Jacob Wainwright akasoma maneno ya maziko. Mwili wakaukausha juani, wakaufunga, wakauchukua zaidi ya kilometa 1,500. Huko Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike pale, wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Na tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey.

Mto Lualaba alioufuata kwa taabu nyingi, akidhani ni Nile, baadaye ulijulikana kuwa ni mto Kongo. Lakini maneno yake juu ya biashara ya watumwa yalisikiwa, na mwezi mmoja tu baada ya kufa kwake, Juni 1873, Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa.

Ndugu wasomaji, hatumweki Livingstone mbele yenu ili mgonjwa aambiwe: tazama, yeye alivumilia, nawe vumilia. Hayo yangekuwa kumtwika aliyelemewa. Maisha yake yanatuonyesha mambo mawili. Kila alipokubali kuchukuliwa, kwa machela ya Mohamad Bogharib na kwa chakula cha Stanley, alipata nafuu. Na kila alipoificha damu yake au kukataa kupumzika, ugonjwa uliongezeka. Machela ya mwisho ilikuja baada ya nguvu zote kwisha.

Kwa hiyo, mtu aonaye damu katika choo chake, au aharaye siku nyingi, au achokaye pasipo sababu aijuayo, asione haya kwenda hospitali na kusema wazi. Siku hizi yako mambo ambayo Livingstone hakuwa nayo: vipimo vya damu na vya choo, dawa za vijidudu, na maji ya chumvi na sukari yatolewayo katika zahanati. Aliyekwisha kuanza matibabu asivunjike moyo kama uchovu wakawia kuondoka. Damu iliyopungua miezi mingi hairudi kwa siku mbili. Na ale kidogo kidogo, mara nyingi, chakula ambacho tumbo lake lakipokea.

Nanyi walimu na wazee wa sharika, mkiona ndugu ameacha kuja kwenye kazi za pamoja, msiulize kwanza kama amepoa moyo. Nendeni nyumbani kwake. Mwulizeni amelalaje na amekula nini. Mkataeni kuni, mtekeeni maji, na kama zahanati iko mbali, mtafutieni njia ya kufika. Chuma na Susi walimchukua bwana wao mabegani alipokuwa hai, wala hawakungoja afe ndipo wamheshimu. Tufanye vivyo hivyo kwa wagonjwa wetu, wakati wangali wanaweza kunywa maziwa.