Michael Wood, daktari wa ndege kutoka Olmolog

Wengi tumeisikia Amref na ndege zake za wagonjwa. Wachache wanajua kwamba wazo lake lilizaliwa huku kwetu, Olmolog, wilayani Longido, chini ya mlima Kilimanjaro upande wa magharibi. Hapo daktari Mwingereza Michael Wood alikuwa na shamba. Mwaka 1957, yeye na wapasuaji wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha shirika hilo.

Wood alirekebisha midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa na makovu ya moto. Wagonjwa wake wengi walikaa mbali na hospitali, na barabara hazikuwepo. Basi akawa anaendesha ndege mwenyewe, anatua kwenye majani, anapasua, anaruka tena. Miaka ya 1960 hospitali za vijijini zikafungiwa redio za upepo, mhudumu akizidiwa aombe ushauri wa daktari. (Sisi watu wa redio hapo tunatabasamu.)

Lakini ndege hutua na kuondoka. Mama akitokwa damu usiku, aliyepo ni nesi wa zahanati, na anachokijua ndicho kitakachomwokoa au kumpoteza. Wakati Wood anaanza, Afrika Mashariki nzima ilikuwa na chuo kimoja tu cha udaktari, Makerere. Cha Dar es Salaam kilikuja 1963. Shirika likageukia kufundisha na kuchapa vitabu vya wahudumu wa vijijini. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko ndege, ingawa kinachopigwa picha ni ndege.

Wood alifariki 1987, simu za mkononi hazijafika kwetu. Miaka mingi baadaye Amref ilishirikiana na Open University ya Uingereza kuandaa masomo 13 yaitwayo HEAT, kwa wahudumu wa afya wa Ethiopia: ujauzito, kujifungua, chanjo, lishe na mengine. Yako kwenye intaneti, bure kwa yeyote.

Kama una kijana anayesomea uuguzi au uganga, mwambie atafute HEAT kwenye tovuti ya OpenLearn Create. Ni ya Kiingereza, na hayachukui nafasi ya chuo. Bando likiwa tatizo, ayapakue akiwa Arusha mjini penye waifai, ayasome akirudi nyumbani.