Konde la Wangila na Funzo Lake

Majuzi, hapa Garissa, wanafunzi wangu walijadili ni kipi kimfanyacho mwanandondi awe miongoni mwa wenye makonde mazito kabisa duniani. Wengi walitaja ukubwa wa mwili. Mmoja akashikilia kwamba shujaa wa kweli hakubali pambano lisimamishwe. Nami nikawasimulia habari za marehemu Robert Wangila Napunyi.

Wangila alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Katika fainali ya Olimpiki ya mwaka 1988 mjini Seoul, akipigana katika uzani wa kilo 67, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya ndondi. Boudouani hakuwa mnyonge, kwani mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa dunia. Ndiyo maana nasema kuwa konde hupimwa kwa ubora wa aliyelipokea, wala si kwa kimo cha aliyelitupa.

Baadaye Wangila aliingia ndondi za kulipwa nchini Marekani. Mnamo Julai 1994, mjini Las Vegas, pambano lake na David Gonzalez lilisimamishwa katika raundi ya tisa. Wangila alipinga uamuzi huo. Muda mfupi baadaye alizirai, na hakupona. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Darasa lilinyamaza. Walimu wenzangu, tuwasifiapo vijana wenye makonde mazito, tuwaambie pia kwamba ushujaa haumkingi mtu ubongo wake.